Dondoo muhimu: Flashi ya kusasisha ramani za gari

Anza na kitabu cha gari, maana ndicho kinachotaja ukubwa wa flashi na mfumo wa faili unaokubalika. Magari mengi husoma FAT32 au exFAT. NTFS mara nyingi haitambuliki. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na kwa miaka mingi Windows haikutoa chaguo la FAT32 wakati wa kufomati flashi inayozidi GB 32, kwa hiyo usishangae ukilikosa kwenye orodha. Kwenye Mac, chagua MS-DOS (FAT) na Master Boot Record. Kufomati hufuta kila kitu: hamisha kwanza picha za harusi.

Ramani ikija kama faili la zipu, ifungue kwenye kompyuta ndipo unakili yaliyomo. Majina ya folda yaache yalivyo, hata kama yanakukera. Usichomoe flashi kabla kompyuta haijakuruhusu.

Wakati wa kusasisha, injini iwe inaunguruma, gari likiwa mahali pa wazi.

Kama gari lilitoka Japani na skrini bado inaonyesha Tokyo, usipoteze bando: mfumo huo ulitengenezwa kwa soko la huko, Kariakoo hauijui. Tumia simu.