Bei Moja ya Kupeleka Mzigo: Je, Inalipa Biashara Ndogo?

"Tunakuletea popote ulipo kwa Sh200 tu!" Tangazo kama hili unaliona kila siku kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni. Mteja analipenda kwa sababu anajua mapema atalipa ngapi. Muuzaji naye hahitaji kuulizia bei kwa mtu wa boda au ofisi ya mabasi kila oda inapoingia. Lakini mwisho wa mwezi, pesa inabaki kweli? Leo tupige hesabu pamoja.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Mfano unaojulikana sana uko Marekani. Posta ya huko ina maboksi maalum ambayo unalipa kulingana na boksi ulilochagua. Ukiweka mzigo ndani na boksi likafunga, bei ni ile ile hata kama linaenda jimbo la mbali, mradi uzito usizidi pauni 70, yaani karibu kilo 32. Mwenye kuuza vitu vidogo vizito, kama vipuli vya magari, anafaidi. Anayeuza vitu vyepesi kwa majirani anaweza kulipa zaidi ya kinachostahili.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Mtu wa boda anaangalia umbali. Ofisi ya mabasi inaangalia ukubwa wa mzigo na unakoenda. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi hupima pia nafasi ambayo boksi linachukua: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kama kilo 7.2, hata kama ndani kuna mito ya kilo 2 tu.

Sasa shika hili vizuri. Kule Marekani, posta ndiyo inayobeba hasara mzigo ukienda mbali. Ukitangaza bei moja hapa, anayebeba ni wewe.

Tuchukue mfano

Tuseme unauza viatu, stoo yako iko Nairobi, na kila jozi inakupa faida ya Sh250. Mwezi huu umetuma oda 20:

- 10 ndani ya Nairobi, kila moja Sh100: jumla Sh1,000
- 6 za Rongai, Ruiru na Kitengela, kila moja Sh200: jumla Sh1,200
- 4 za Kisumu na Mombasa, kila moja Sh400: jumla Sh1,600

Umetumia Sh3,800. Ukigawa kwa 20 unapata Sh190. Basi unasema, wacha niweke Sh200 kwa kila mtu, nitabaki na Sh200 juu. Hesabu iko sawa kabisa.

Shida inaanza mwezi unaofuata. Mteja wa hapo South B anaona anatozwa Sh200 kwa safari ya Sh100, anaenda kwa muuzaji mwingine. Mteja wa Mombasa anaona amepata bei ya kutupa, anaambia na marafiki. Oda bado ni 20, lakini sasa 5 ni za Nairobi, 6 za viungani na 9 za mbali. Gharama yako inakuwa Sh500 na Sh1,200 na Sh3,600, jumla Sh5,300. Umekusanya Sh4,000. Sh1,300 imetoka mfukoni mwako, na hiyo ni faida ya zaidi ya jozi tano. Na kwa sababu mauzo hayajashuka, ni rahisi usigundue.

Bei moja inamfaa nani?

Inakufaa kama bidhaa zako zinalingana ukubwa, mfano vipodozi, viungo au vitabu, na wateja wako wengi wako eneo moja. Kama unauza mito, masufuria makubwa au fanicha za watoto, na wateja wametawanyika kaunti mbalimbali, bei moja kwa wote itakuumiza.

Kuna njia ya katikati, nayo ni bei moja kwa kila eneo. Kwa muuzaji wetu wa viatu, inaweza kuwa Sh120 Nairobi, Sh220 viungani na Sh420 kaunti za mbali. Ile Sh20 ya juu inasaidia kulipia boksi, selotepu na ada ya kumtumia mtu wa boda pesa. Mteja bado anajua bei mapema, na hakuna anayemlipia mwenzake.

Anza hivi wiki hii

1. Fungua taarifa yako ya miamala ya miezi mitatu iliyopita. Chagua malipo yote uliyotuma kwa watu wa boda na ofisi za mabasi.
2. Yagawe kulingana na eneo, kisha tafuta wastani wa kila eneo. Usitumie wastani mmoja wa jumla.
3. Chagua saizi moja au mbili za boksi. Andika wazi kwamba mzigo usioingia humo una bei yake.
4. Pokea pesa ya bidhaa na ya kupeleka kwa pamoja kupitia till yako kabla mzigo haujatoka. Mteja akizima simu, boda bado atataka kulipwa.
5. Rudia hesabu kila baada ya miezi mitatu. EPRA hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na petroli ikipanda, watu wa boda hawakawii kufuata.

Ukishapata wastani wako, linganisha na bei uliyotangaza sasa. Kama kuna eneo unalotoza chini ya gharama, rekebisha bei hiyo kabla ya oda inayofuata.