Slesha ya Trekta na Bolti Inayokatika

Trekta inayofyeka mashamba ya eneo la Burumba hukutana na maadui wawili waliojificha nyasini: kichuguu kilichokauka na kisiki cha muwa. Visu vikigonga kimojawapo, lazima kitu kiachie. Kwenye slesha nyingi, yaani mashine za kufyekea zinazofungwa kwenye trekta, kinachoachia ni bolti ndogo inayofunga shafti ya pitio (PTO, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine) na giaboksi, na imetengenezwa makusudi ikatike.

Balaa huja bolti ikikatika mara ya pili siku hiyohiyo. Mwenye shamba ananung'unika, na fundi anatoa bolti ngumu: "Hii haikatiki!" Kweli haikatiki. Kichuguu kinachofuata kitavunja meno ya giaboksi. Soma kichwa cha bolti kabla ya kuikubali: 10.9 na 12.9 ni chuma kigumu, na hapo si mahali pake isipokuwa kitabu cha mashine kimeitaja. Nunua kadhaa za aina iliyotajwa uziweke pamoja na spana. Kama slesha yako inatumia klachi badala ya bolti na imelala tangu msimu uliopita, huenda sahani zimeshikana kwa kutu. Legeza springi, zungusha klachi hadi sahani ziteleze, kisha kaza springi kwa kipimo cha kitabu.

Mtetemo mara nyingi hutoka kwenye visu. Kisu kipya kikifungwa na mwenzake aliyelika, uzito hautalingana na beringi zitateseka. Badilisha jozi nzima. Kila kisu kiweze kuyumba huru ili kirudi nyuma kikigonga jiwe. Kilichopasuka kisichomelewe hata kama fundi anajiamini vipi: kitupe.

Lakini usiingize mkono chini ya slesha kwanza. Zima pitio, zima injini, toa ufunguo, subiri visu visimame kabisa, kisha egemeza mashine kwa stendi imara. Haidroliki pekee si ya kuaminiwa.

Ukiona oili ikivuja chini ya giaboksi, tafuta waya au kamba ya gunia iliyojiviringa kwenye shafti ya visu; hiyo ndiyo hula sili. Ongeza oili ya gia, kwa kawaida namba 90, si ya injini. Krosi za shafti zipate grisi kila baada ya saa 8 za kazi.

Nyasi zikichanika badala ya kukatika, usilaumu visu mara moja. Slesha nyingi zinataka pitio izunguke mara 540 kwa dakika, na dereva anayebana mafuta huiendesha chini ya hapo. Ongeza mwendo wa injini, tumia gia ndogo. Kando ya barabara ya murram hakikisha minyororo ya kuzuia mawe, ya mbele na nyuma ya slesha, ipo yote, la sivyo kokoto zitawafikia wanabodaboda stejini.