Ukungu na Pepo za Ziwa: Somo kwa Wakazi wa Bariadi na Nchi ya Simiyu

Waalimu wengi hufundisha habari za majira kwa vitabu vilivyotungwa katika nchi za baridi. Humo husemwa kwamba wakati majani yanapochipua, yaani mwezi wa Aprili na Mei, ukungu mzito hutoka baharini ukafunika pwani, na joto la mchana likashuka ghafula. Mtoto wa Bariadi asomaye hayo hana budi kuuliza, "Mbona Ziwa letu ni pana kama bahari, wala hatuoni mambo hayo?" Swali hilo ni la akili, na jibu lake lina faida kwa mvuvi, mkulima na msafiri. Basi twapenda kulieleza kwa taratibu.

1. Asili ya ukungu

Hewa yote ina mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Hewa ya moto huweza kuwa na mvuke mwingi, ya baridi kidogo tu. Hewa yenye mvuke mwingi ikipoa sana, hulazimika kuutua mzigo wake, na mvuke hugeuka matone madogo mno. Matone hayo yakishika majani huitwa umande. Yakielea karibu na nchi huitwa ukungu. Yakielea juu huitwa mawingu. Mambo haya matatu ni ndugu wa tumbo moja.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Achukue chupa iliyojaa maji ya baridi sana, aipanguse nje mpaka ikauke, kisha aiweke mezani. Baada ya kitambo kidogo chupa itatoka jasho. Maji hayo hayakupenya katika kioo. Yametoka katika hewa iliyopozwa na chupa.

2. Bahari za baridi na bahari yetu

Pwani ya mashariki ya Uingereza, miezi ile ya Aprili na Mei, nchi kavu imekwisha kupata joto lakini bahari ingali baridi. Hewa ya uvuguvugu ikipita juu ya maji hayo hupozwa kama ile ya karibu na chupa yetu, na ukungu hutokea. Katika pwani ya Namibia vivyo hivyo: mkondo wa maji ya baridi hupita kando ya jangwa, na ukungu wake huingia mpaka mchangani. Lakini bahari ya Tanga, Dar es Salaam na Unguja ina maji ya moto mwaka mzima. Ndiyo sababu wenyeji wa huko hawaujui ukungu wa namna hiyo.

3. Tabia ya Ziwa letu

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ya juu huwa na joto la digrii 24 hadi 27 za sentigredi, na hayabadiliki sana mwaka mzima. Maji kama hayo hayaipozi hewa; usiku huipasha moto. Hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi, hupanda juu pamoja na mvuke wake, ikawa mawingu na radi. Kwa hiyo mahali ambapo bahari ya baridi hutoa ukungu, Ziwa letu hutoa tufani.

Kweli, alfajiri ya miezi ya kipupwe huonekana mvuke mwembamba ukifuka juu ya maji, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Huo huondoka jua likipanda. Tena kuna lile wingu jeusi mfano wa moshi lisimamalo Ziwani, hasa karibu na mwezi mwandamo. Hilo si moshi wala ukungu, bali ni wadudu wadogo wasiohesabika watokao majini. Watu wa Ziwa Nyasa huwaita wadudu wa namna hiyo kungu.

4. Ukungu wa mabonde

Ukungu wa Bariadi na Maswa hautoki Ziwani. Usiku usio na mawingu, hasa baada ya mvua, nchi hupoteza joto lake upesi. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka polepole mpaka mabonde ya mito, kama Simiyu na Duma, ikatuama humo. Asubuhi bonde hujaa weupe, na aliye juu ya kilima huona vilele vya miti tu.

5. Pepo mbili

Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji. Hewa yake hupanda, na hewa ya Ziwani huingia kushika mahali pake. Wakazi wa Busega huupata upepo huo wa kuburudisha tangu karibu na adhuhuri. Ukikutana na pepo zitokazo mashariki, hewa husukumwa juu, na mara nyingi mvua ya radi hunyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, na upepo hutoka barani kwenda Ziwani. Mabaharia wa pwani huuita upepo wa namna hiyo umande. Pepo za usiku kutoka kila upande hukutana Ziwani, na hapo ndipo tufani huzaliwa, tena nyingi karibu na alfajiri.

Pepo za mashariki huzisukuma tufani hizo upande wa magharibi. Kwa hiyo Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma haifiki nusu ya hizo. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 1922 haikuwa na ndege za abiria huko. Lakini asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafa.

6. Yapasayo kufanywa

Mvuvi asishuke majini usiku kabla ya kusikia habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Akiona umeme ukimulika, na upepo ukageuka ghafula kuwa wa baridi, ajue tufani iko karibu, arudi pwani bila kungoja samaki. Avae boya lake tangu mwanzo, kwa maana likiwa chini ya mtumbwi halimwokoi mtu.

Mchuma pamba angoje umande ukauke. Pamba iliyowekwa na maji hubadilika rangi, na iliyokuwa pamba safi huuzwa kama pamba fifi. Dereva na mpanda baisikeli waende polepole wateremkapo bondeni alfajiri.

Nao waalimu, shime, watundike kipimajoto kivulini, na wanafunzi waandike joto la saa 12 asubuhi na la saa 8 mchana kila siku. Shule ya Busega na shule ya Meatu zikipelekeana hesabu zao, wataona kwamba tofauti ya mchana na usiku ni kubwa zaidi mbali na Ziwa. Hapo watoto watakuwa wameisoma nchi yao wenyewe.