SOMO: Jinsi Nguo za Kale Zinavyochunguzwa

Nguo huoza upesi ardhini. Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya mtu atakaye kujua wahenga walivaa nini. Nchini Denmark, mwaka 1921, lilifukuliwa huko Egtved jeneza la mti lenye mavazi ya sufu ya msichana aliyezikwa karibu mwaka 1370 kabla ya Kristo. Mahali pengi husalia vifaa vya udongo vya kusokotea uzi tu. Wataalamu hutengeneza vifaa kama hivyo upya, husokota sufu, kisha hulinganisha uzi wao na mabaki ya kale.

Magharibi ya Ziwa Viktoria watu walivaa ngozi na mbugu, yaani nguo ya gome la mti. Gome la mtuba, ambao ni jamii ya mikuyu, huchunwa bila kuuangusha mti. Gamba la nje huparuzwa, gome la ndani hulainishwa kwa joto, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari, kwanza mipana na mwisho myembamba, hata likapanuka mara kadhaa. Huanikwa juani likawa jekundu la kahawia. Shina hufungwa majani ya migomba, nalo huota gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya Uganda kuwa urithi wa wanadamu.

Hapa hata nyundo huoza. Basi ushahidi mkubwa umo katika kumbukumbu za wazee. Thamani yake ilionekana mwaka 1976 katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Wazee wa Kihaya, kwa ombi la mtafiti Peter Schmidt, walijenga tena tanuru la kuyeyushia chuma, kazi iliyokwisha kuachwa miaka mingi. Vipimo vyake vililinganishwa na mabaki ya matanuru ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Bila wazee wale, mabaki yale yangalieleza machache.

Katibu wa chama anazo daftari, na wanachama wazee huja kupima kahawa kila msimu. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, hakuna mfukuaji atakayeirudisha habari yake.

Maswali ya kujadili mkutanoni:
1. Ni miti gani ya kibanjani iliyotoa mbugu, nayo huitwaje kwa Kinyambo?
2. Nani aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake, na nani aliyeisikia tu?
3. Nani ataandika majibu, na daftari litahifadhiwa wapi?