Nyumba za Safu Zinazopatana na Mtaa

Nyumba za safu ni nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, kila moja ikiwa na mlango na ua wake. Ujenzi huu huokoa ardhi, na hupunguza urefu wa barabara na mabomba. Lakini safu isiyopatana na mtaa huwabebesha majirani gharama aliyoikwepa mjenzi. Yapo mambo manne ya kupima kabla ramani haijachorwa.

Kwanza ni jua. Mafinga iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,900, na baridi yake ya Juni na Julai yajulikana. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini. Jengo lenye kimo cha mita 8 hutupa kivuli cha karibu mita 5 saa sita mchana, na kirefu zaidi asubuhi na jioni. Jirani wa kusini ndiye atakayekosa pa kuanikia nguo na mahindi. Kwa hiyo ghorofa ikae mbali na mpaka wake.

Pili ni maji. Paa la mita za mraba 400 likinyeshewa mvua ya milimita 25 hukusanya lita 10,000. Pasipo matangi na mifereji, maji hayo huishia uani kwa jirani wa chini.

Tatu ni moto. Mji wetu, jirani wa msitu wa Sao Hill, huezeka kwa kenchi za mbao. Katika nyumba zilizoungana, moto huweza kupita darini. Ukuta wa matofali kati ya kaya na kaya usikome kwenye dari. Upande hadi chini ya bati.

Nne ni sura ya mtaa. Majumba marefu ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, yalisimama palipokuwa na nyumba fupi. Makazi yalikuwa ya kisasa, lakini mazungumzo ya barazani hayapandi ngazi kwa urahisi. Safu zetu zikatwe vipande vifupi, na milango ielekee barabarani.

Ndugu mwananchi, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu uendelezaji wa ardhi bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Mwenye hoja kuhusu kivuli, maji au njia aifikishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa maofisa mipango miji mapema. Mstari wa ramani hurekebishwa kwa siku moja. Ukuta uliokwisha kusimama hauhamishiki.