SOMO: HASIRA YA WANACHAMA NA MATUMIZI YAKE

Wahenga walisema, “Hasira hasara.” Katibu wa chama huikumbuka methali hii kila mkulima apazapo sauti ghalani kwa sababu ya mizani mbovu au malipo yaliyochelewa. Lakini yafaa ieleweke kwamba hasara haitokani na hasira yenyewe, bali na hasira iliyokosa kazi ya kufanya.

Mfano upo nchini Kenya. Mwaka 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake, Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuwa na manung’uniko ya haki: kuni zilikuwa mbali, vijito vilikauka, na udongo ulichukuliwa na mvua. Hawakuishia kunung’unika. Walijiunga katika vikundi, wakaotesha miche na kuihesabu, na kwa kila mche ulioshika walilipwa fedha kidogo. Hivyo uchungu uliingia daftarini, na kutoka daftarini ukatoka msitu.

Mwaka 1989 ulitokea mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Maathai aliupinga kwa barua, akiziandikia ofisi mbalimbali. Alidharauliwa hadharani, lakini hatimaye mpango huo uliachwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Msitu wa Karura, ambao sehemu zake ziligawiwa watu binafsi. Mwezi Oktoba 1998 mitambo ya ujenzi ilichomwa moto msituni humo. Lakini tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti. Walinzi waliwashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi, akaandikisha taarifa, akaitia saini kwa damu yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa hasira kamili; lakini ilikuwa hasira iliyoshika kalamu. Mwezi Agosti mwaka huo Rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura ungali msitu hadi leo.

Tofauti ya matendo hayo mawili yafaa izingatiwe. Mitambo iliyoungua yaweza kununuliwa mingine, na mwenye kuichoma huitwa mhalifu. Aliyeshika mche hawezi kuitwa hivyo kwa urahisi. Ampigaye ndiye hulazimika kujieleza.

Kwa vyama vyetu, mafunzo ni haya:

1. Lalamiko liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe na kiasi cha hasara. Lisiloandikwa hugeuka uvumi.

2. Hasira ielekezwe kwenye jambo lenyewe. Mizani ikaguliwe kwanza kabla mpimaji hajaitwa mwizi.

3. Kila azimio la kupinga liambatane na kazi ambayo wanachama wataifanya wenyewe.

4. Katibu asifurahie ukimya. Mwanachama anayefoka bado anakitumaini chama chake. Aliyekata tamaa huuza mazao yake kwa mlanguzi usiku, wala hasemi neno.

Maswali ya kujadili:

(a) Ni lalamiko gani katika chama chenu ambalo halijaandikwa bado?

(b) Ni kazi gani yaweza kufanywa juu yake kabla ya msimu ujao?