Kasoro na Majeraha ya Sehemu za Siri za Wanaume: Tusifiche, Tuwahi Hospitali

Ng'ombe akizaa ndama dume, mfugaji wa Jorodom humkagua mwili mzima. Lakini akizaliwa mtoto wake wa kiume, mara nyingi hamkagui sehemu za siri. Anaona aibu. Mama akiona kasoro hunyamaza, kwa kuogopa kuambiwa kuwa ni laana.

Kasoro hizi si laana, wala si kosa la mama. Nyingi hutengenezwa kwa upasuaji. Lakini upasuaji hufaa zaidi ukifanywa kwa wakati wake. Leo tutajifunza mambo manne.

1. Tundu la mkojo kuwa chini

Tundu la mkojo hutakiwa kuwa kwenye ncha ya uume. Kati ya watoto wa kiume 200 hadi 300, mmoja huzaliwa na tundu chini ya uume. Mkojo wake huelekea chini. Pengine uume hupinda.

Mtoto huyu asitahiriwe kwanza. Daktari huweza kuhitaji ngozi ya govi kutengenezea njia mpya ya mkojo. Ngariba akiikata na kuitupa, ametupa kitambaa cha kushonea. Kama rika lake linatahiriwa, baba awaambie wazee: "Huyu atatahiriwa na daktari wakati wa kutengenezwa."

Wakati mzuri wa upasuaji ni umri wa miezi 6 hadi 18. Mkubwa pia hutengenezwa, ila kwa shida zaidi. Wengi baadaye hukojoa vizuri wakiwa wamesimama, na wakikua huoa na kuzaa. Lakini tuseme kweli. Wengine hubaki na kitundu kinachovuja mkojo, au njia huwa nyembamba. Hao hupasuliwa tena. Mzazi asikate tamaa. Amrudishe mtoto hospitali.

2. Korodani ambazo hazijashuka

Kati ya watoto wa kiume 100 waliotimiza miezi yao tumboni, wapatao 3 huzaliwa na korodani moja au mbili hazijashuka. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo tusisubiri tena.

Mkague mtoto akiwa ameoga maji ya moto kiasi, na mikono yako iwe na joto. Baridi hupandisha korodani, nawe unaweza kudanganyika.

Korodani ikibaki juu, nguvu yake ya kuzalisha hupungua. Tena hatari ya kupata saratani ya korodani huongezeka. Daktari huishusha na kuishona mahali pake, vizuri zaidi kabla ya miezi 18. Upasuaji huu hufanikiwa kwa watoto wengi. Hata hivyo, mtoto akiwa kijana afundishwe kujikagua. Akiona uvimbe aende kwa daktari.

3. Korodani kujisokota

Hili halingoji asubuhi. Korodani huning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kamba ikijisokota, damu haipiti. Korodani huanza kufa.

Huwapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18, hata wakiwa wamelala. Maumivu huja ghafla. Korodani huvimba au kupanda juu, na kijana huweza kutapika. Kwa aibu atasema tumbo linauma. Baba, muulize mwanao faraghani.

Akipasuliwa kabla ya saa 6 kupita, korodani nyingi huokolewa. Zikipita saa 24, nyingi huwa zimekufa na hukatwa. Usimkande, usimpe dawa ya miti. Hata zikipita saa nyingi, mpeleke. Daktari hushona pia korodani ya pili ili isijisokote. Anayebaki na korodani moja nzima kwa kawaida huweza kuzaa.

4. Majeraha

Mtu huweza kupigwa teke na ng'ombe, kuanguka juu ya mti, au kukatwa vibaya wakati wa tohara. Fanya hivi:

(a) Kandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi. Usiachie kila mara kutazama.
(b) Usitie majivu, tumbaku wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huleta pepopunda.
(c) Kipande kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu. Kitie katika mfuko wa plastiki na uufunge. Weka mfuko huo katika maji baridi. Nenda nacho hospitali.
(d) Asiyeweza kukojoa, au anayekojoa damu, apelekwe mara moja.

Twende wapi?

Kwa kasoro ya kuzaliwa, anzeni zahanati. Mtapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, Katesh, au Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955. Kazi ngumu zaidi huweza kupelekwa KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa korodani iliyojisokota au damu nyingi, tafuteni gari na kwenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji.

Ndugu msomaji, mkague mwanao leo. Siri inayofichwa nyumbani ndiyo inayomharibia maisha.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtoto mwenye tundu la mkojo chini asitahiriwe kwanza?
2. Korodani ikijisokota, tuna saa ngapi?
3. Katika kitongoji chenu, nani ana gari au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa usiku?